Kazi zinazotafutwa Arusha na Moshi tangu watalii warudi baada ya Corona (watu wapo, ila hawapatikani)

Mzee wa Operesheni

Wakuu habari za saa hizi.

Kila siku humu naona nyuzi za "nisome kozi gani yenye ajira" na majibu ni yale yale, mara IT, mara famasi, mara "dogo jiajiri" toka kwa mtu ambae mwenyewe kaajiriwa na anaandika akiwa ofisini kwa bando la ofisi. Mi siwezi kuongelea nchi nzima, ntaongelea nnapoishi, Arusha, na majirani zangu Moshi na Karatu. Niko operesheni kwenye kampuni ya safari, ya kati tu sio kubwa, maana yake magari, kambi na watu wa kuviendesha vyote viko mikononi mwangu na nikimkosa mtu usiku silali. Kwa hiyo nani anatafutwa najua, maana mtafutaji ndo mimi.

Tuanze tulikotoka kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa Corona Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020 na alikuwa hapa hapa Arusha. April ndege za kimataifa zikasimamishwa, anga likafunguliwa tena Mei 18 ila haikusaidia kitu kipindi hicho maana watalii wenyewe huko kwao walikuwa wamefungiwa ndani. 2019 nchi ilipokea watalii milioni 1.5 na ushee, 2020 wakawa laki 6 na elfu 20 hivi, na hapo kumbukeni Januari mpaka katikati ya Machi biashara ilikuwa bado nzuri. Waliokuwepo Arusha kipindi kile wanajua, magari ya safari yamefunikwa maturubai yadi nzima, lodge zimebaki na mlinzi na mbwa.

Sasa watu wakaenda wapi? Dereva wa Karatu alirudi kwao akaingia Mang'ola kulima vitunguu. Mpishi kafungua kibanda cha chipsi Kijenge. Mafundi wengi wakashuka Dodoma kwenye ujenzi wa mji wa serikali. Wengine Mererani, na hawa siwalaumu kabisa, Juni 2020 ile ile Saniniu Laizer alipouzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya bilioni 7 kila chalii wa Arusha alianza kuhisi ana kipaji cha kuchimba. Kampuni nazo ziliuza magari, zingine zilifunga moja kwa moja.

Afu biashara ikarudi, na ilirudi kwa kasi ambayo hakuna aliyejiandaa nayo. 2022, mwaka wa Royal Tour, ile filamu ya Rais Samia ya kutangaza utalii, watalii milioni 1.45. 2023 milioni 1.8. 2024 wakavuka milioni 2.1, yani juu ya kabla ya Corona kwa mbali. Watalii wamerudi wote na nyongeza, ila wale watu wa kazi hawajarudi wote, na waliorudi wanakuta kazi ina jina lile lile ila yenyewe imebadilika.

Mfano fundi gari. Zamani Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ fundi anaisikiliza tu kwa sikio anakwambia nozeli hiyo, mzee anafungua anafunga gari inaenda Serengeti. Injini ile haina kompyuta. Hizi mpya za injini ya 2.8 zina sensa kila kona, ikiwaka taa kwenye dashibodi usipokuwa na mashine ya kupimia unabaki kukisia na kubadilisha vifaa vya watu kwa bahati nasibu. Fundi anaejua zote mbili, ya sikio na ya mashine, hapa mjini tunanyang'anyana na nikisema tunanyang'anyana namaanisha mtu anapigiwa simu akiwa chini ya gari la kampuni nyingine.

Wa pili ni fundi umeme wa jua na friji. Kambi za Serengeti nyingi sasa hivi jenereta ni akiba tu, zinaendeshwa na sola na mabetri ya lithiamu, na ndani kuna mafriza, pampu za maji, intaneti, chaja za kamera za wageni. Ikizimika saa 2 usiku mgeni anaelipa dola mia kadhaa kwa usiku hataki kusikia habari ya "fundi anatoka Arusha kesho".

Wa tatu mpishi. Simaanishi wa kupika tu, wapo wengi. Natafuta anaejua mgeni akisema hali ngano, au hali chochote cha mnyama hata maziwa, anamlisha nini siku sita porini bila kumrudishia wali na maharage kila mlo. Na dereva muongozaji anaeongea lugha ya ziada, Kihispania, Kijerumani, Kifaransa, sasa ivi hata Kichina, ila huyo wa lugha ntamuacha madereva wenyewe waje wamuelezee.

Ushauri wangu ambao najua wengi hamtaupenda: kama unaishi kanda hii chagua kazi yenye wateja wawili. Mtalii awe mmoja wao, mwananchi wa kawaida awe wa pili. Corona ilituonyesha nani alikula na nani alilala njaa. Fundi friji mtalii alipoondoka alitengeneza friji za mabucha na za maduka ya mangi. Mtu aliyejua kuongelea simba tu, simba hawakumlipa.

Karibuni tujadili.

Chalii wa Unga Ltd

Nimekaa mkao wa kula. Wajuzi shukeni.

Msomi Asiye na Meza

Mkuu nakuheshimu ila hizi nyuzi za "kasomeni ufundi" mnatuandikia sisi watoto wa maskini, wa kwenu mnawapeleka chuo. Mi nina digrii ya uhasibu, GPA nzuri, niko nyumbani mwaka wa tatu. Leo nianze upya kushika spana?

Mzee wa Operesheni

Ndugu Msomi sijasema digrii haina maana, nasema foleni ziko mbili na hazilingani urefu. Mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596 wakaomba watu zaidi ya laki na thelathini, piga mwenyewe hesabu wewe ndo mhasibu. Mi nikitangaza fundi umeme wa magari naletewa sivii tano, mbili ni za madereva waliojaribu bahati na moja ya mtu wa masoko.

Na uhasibu wako huku una kazi, sema haiji kwa jina la uhasibu. Natafuta mtu wa rizavesheni na stoo anaejua hesabu, maana kambi zinapotea hela kwenye stoo kuliko kwenye kitu kingine chochote. Mafuta, nyama, vinywaji, nani kachukua nini lini. Wahasibu wakiona neno stoo hawaombi kabisa.

Naabi Getini

Mimi ni dereva wa watalii, niko barabarani Ngorongoro Serengeti tangu kabla ya Corona, na mtoa mada kaongea ukweli nusu, ngoja niweke nusu iliyobaki.

Mnasema watu hawapatikani. Wapo! 2020 mwezi wa tatu tulirudishwa nyumbani kwa ujumbe wa WhatsApp, bila mkataba, bila kiinua mgongo, wengi wetu tulikuwa tunalipwa kwa safari, hamna safari hamna hela. Tulikuwa tumezoea kuitwa familia ya kampuni. Sasa mtu aliyelima vitunguu Mang'ola akapata hela ya kujenga, leo unamwita arudi kwa malipo ya siku yale yale ya 2019 na mafuta na unga vimepanda, unashangaa haji?

Kuhusu lugha ni kweli. Kihispania kinalipa kuliko Kiingereza hapa mjini kwa sababu Kiingereza kila mtu anacho. Nina rafiki alijifunza Kihispania wakati ule wa lokidauni za Wazungu, hana kazi, anakaa na simu na video za bure, leo kwenye hai sizoni anachagua yeye safari gani aende. Ila vijana msidanganywe kwamba ni lugha tu, mgeni wa Kihispania anataka umwambie yule ndege ni nani na anakula nini, sio umsalimie "ola" afu unyamaze hadi Seronera. Na ukwame kwenye tope Ndutu mwezi wa nne ujue kujitoa, mgeni hasukumi gari.

Mtoa mada nakuuliza swali moja la kirafiki. Fundi huyo mnaenyang'anyana mnamlipa shingapi? Taja.

Chalii wa Unga Ltd

Hapo sasa 😂 mzee taja

Mzee wa Operesheni

Naabi la mikataba siwezi kulipinga, kampuni nyingi zilifanya hivyo na zingine bado. La mshahara ntalirudia, inategemea na mtu.

Naabi Getini

"Inategemea na mtu" tumeshaizoea. Nasubiri.

Fundi Baridi

Wakuu mi ni fundi friji na AC, nina karakana ndogo, nimeajiri vijana wawili. Alichosema mzee kuhusu wateja wawili ni kweli kabisa ila ngoja niseme inavyokuwa kiuhalisia maana mkiisoma hivi mnaweza kudhani ni raha.

Kipindi cha Corona hoteli zilikata AC, lakini mafriza hawakuweza kuyazima mpaka wamalize nyama, afu kazi za hoteli zikaisha kabisa. Nikahamia mtaani. Mabucha, wauza maziwa, wauza samaki wa Sato, saluni, na famasi, famasi ndo walinishangaza, friji za dawa lazima ziwe na joto sahihi na walikuwa wanafungua kila kona. Hela ya mtaani ni ndogo ndogo na unaidai, mama wa maziwa anakwambia pita Ijumaa, Ijumaa unapita anakwambia mume kasafiri. Lakini inakuja kila siku. Hela ya hoteli ni kubwa na inachelewa miezi. Ukiwa na zote mbili moja inakushikilia huku unasubiri nyingine. Watalii waliporudi mi nilikuwa bado niko mjini na vifaa vyangu, sijaviuza, ndo nikapata kambi mbili za kuzihudumia kwa mkataba wa mwaka.

Kinachowashinda vijana sio ufundi, ni kusoma. Gesi zimebadilika. Friji za siku hizi nyingi zinatumia gesi ya R600a ambayo inashika moto, kijana amezoea gesi ya zamani ya R134a anakuja na mtungi wa kuchomelea anaunguza jiko la watu. Kwenye bomba na kwenye kibandiko nyuma ya friji imeandikwa, ila nani anasoma? Na vipimo, kijana anakisia kwa kugusa bomba na mkono. Nikimkuta anaesoma kibandiko kwanza kabla hajafungua boksi la vifaa, huyo simuachi.

Mama Kijenge

Niwaongezee la kina mama maana naona mmejaa wanaume hapa mnaongelea injini tu.

Mimi niko usafi wa vyumba, hausikipingi, kwenye lodge upande wa Karatu. Baada ya Corona kazi yetu ilipanda thamani, zamani tulionekana wafagiaji tu, sasa mgeni anauliza chumba kimesafishwaje, dawa gani, kuna kufuata utaratibu wa karatasi na saini. Anaejua kusimamia zamu na stoo ya mashuka na dawa anatafutwa na analipwa. Ila kazi za porini ni wiki sita ndani, siku kumi nje, na mwenye mtoto mdogo anamwachia nani? Ndo maana utaona wasimamizi wengi ni wanaume hata kwenye idara iliyojaa wanawake. Hoteli za mjini Arusha mshahara ni mdogo ila unalala kwako. Mabinti wengi wazuri wa kazi wamechagua kulala kwao, nami siwacheki.

Na kuna kazi moja hamjaitaja, masaji. Mnacheka najua. Wageni wanashuka mlimani Kilimanjaro magoti yamekufa, hoteli za Moshi zinataka wenye cheti na zinawakosa.

Pota wa Machame

Mama umetaja mlima umenigusa. Huku Moshi upagazi ndo kazi inayoajiri watu wengi kuliko hizo zote na hakuna cheti wala nini, una kilo zako 20 zinapimwa getini unapanda. Tatizo kila kijana aliyefeli anakuja getini, na malipo ya siku hayafanani, kampuni nzuri ipo na ya ovyo ipo, ya ovyo inakupa hela baada ya wiki mbili imekatwa katwa. Na tipu inategemea kiongozi wa msafara ana roho gani.

Kinachotafutwa mlimani kwa sasa ni wapishi wa mlimani na waongozaji wenye leseni waliosoma huduma ya kwanza vizuri, wanaojua kupima oksijeni kwenye damu na kumwambia mgeni "wewe leo unashuka" hata kama kalipa hela nyingi na analia. Kwenye mita 4,700 pale Kibo hakuna daktari pembeni. Wenzangu waliotoka upagazi wakasoma kozi hizo wako mbali sasa ivi. Mi bado nabeba, Kiingereza kinanipiga chenga.

Sista wa Pasua

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni nesi Moshi. Corona imebadilisha mahospitali kuliko watu wanavyojua. Zile fedha za mkopo wa IMF wa 2021, trilioni 1.3, tulizoea kuziita za UVIKO, sehemu ilienda kwenye madarasa, sehemu ikaja afya: mitambo ya oksijeni, CT scan, vitanda vya ICU kwenye hospitali za mikoa na rufaa.

Sasa vifaa vipo. Vinaharibika. Fundi wa vifaa tiba yuko wapi? Unakuta mkoa mzima wanahesabika kwenye vidole, na mashine ikizima mgonjwa anapelekwa mbali au anasubiri. Kozi ipo, Chuo cha Ufundi Arusha wanafundisha umeme na vifaa tiba, DIT Dar pia wanayo, ila ukiuliza kidato cha nne kumi tisa watakwambia wanataka udaktari, uuguzi, famasi. Na hao madaktari na manesi wapo mtaani hawana ajira huku wodini tuko wawili kwa wagonjwa arobaini. Uhitaji upo, kibali na bajeti ya kuwalipa ndo havipo. Mwaka 2022 serikali ilitoa nafasi 17,412 za afya na elimu kwa pamoja, afya zilikuwa elfu 7 na mia 6 hivi, zikamezwa mara moja. Kwa hiyo kijana akiniuliza afya ina ajira namuuliza kwanza, unaongelea uhitaji au unaongelea barua ya ajira?

Fundi vifaa tiba ana hospitali za serikali, za dini, za binafsi na maabara. Huyo ndo ana wateja wawili wa mtoa mada, tena ana wanne.

Wa Kitengela

Niko Kenya upande wa pili wa Namanga, nimesoma hii uzi yote. Huku kwetu wakati wa Corona serikali ilikuja na Kazi Mtaani, vijana wakalipwa kufyeka na kusafisha mitaro, ilisaidia watu kula lakini ilipoisha walirudi pale pale, hawakutoka na ujuzi wowote. Sasa hivi stori ni Ujerumani. Makubaliano ya ajira yalisainiwa huko Berlin Septemba 2024 Rais akiwepo, na madarasa ya Kijerumani yamejaa Nairobi kila jengo. Manesi, madereva wa malori, mafundi wa umeme, wale wa kutunza wazee. Lakini bila lugha hakuna kitu, wanataka kiwango cha Kijerumani cha B1 mpaka B2, na hiyo si ya miezi mitatu venye maajenti wanadanganya watu. Wengi wamelipa ajenti na hawajaenda mahali.

Nachosema ni hivi, huyo fundi wenu wa Land Cruiser akijua Kijerumani hamtamuona tena.

Mzee wa Operesheni

Wa Kitengela usiwape mawazo 😅

Fundi Vigae

Mzee umesahau ujenzi kabisa, au kwa vile wewe ni mtu wa porini. Sista kagusa UVIKO. Mwishoni mwa 2021 madarasa 15,000 nchi nzima, sekondari 12,000 na shule shikizi (zile ndogo za vijijini za kuanzia) 3,000, milioni 20 kila moja, na yote yawe tayari wanafunzi wa Januari 2022 waingie. Mfumo ni force akaunti, hamna mkandarasi mkubwa, kamati ya shule inatafuta fundi wa hapo hapo. Ile miezi fundi mwashi hakupatikana hata kwa kuomba, na bei ya saruji tuliiona ilivyoruka. Vijana walioshika mwiko mara ya kwanza kwenye yale madarasa leo ndo mafundi wenyewe.

Sasa hivi Arusha kuna uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti, watu 30,000, na pembeni yake kila mwenye kiwanja anajenga gesti na apatimenti kusubiri mashabiki. Fundi vigae, fundi bomba, fundi alminiamu, fundi jipsamu. Kazi ipo mpaka unaikataa. Ila na mimi nikubaliane na Naabi kwenye hela, force akaunti tuliofanya wengine malipo ya mwisho tuliyafuata hadi miguu ikaota sugu, na ukiuliza halmashauri unaambiwa mfumo uko chini.

Roli la Tunduma

Naweka langu fupi niko njiani. Madereva wa malori ya transiti wanatafutwa pia, mzigo wa Kongo na Zambia umeongezeka. Leseni daraja E, cheti cha chuo, na uzoefu. Huo uzoefu ndo mtego, kila tajiri anataka miaka mitatu na hakuna anaetaka kukupa mwaka wa kwanza. Ingia kwanza na fuso za mazao. 2020 tulipimwa Corona mipakani tukalala foleni kama wakimbizi, watu wakatuona sisi ndo ugonjwa wenyewe. Leo tena tunatafutwa. Haya.

Dogo wa Ngaramtoni

Shikamooni wakubwa zangu. Mi nimemaliza form four mwaka jana nimepata divisheni four ya 28. Nyumbani mzee anataka nirisiti. Mi napenda umeme na vitu vya kufungua fungua. Nisome uzi huu nichague nini? Hela haipo sana.

Fundi Baridi

Marahaba dogo. Kurisiti sikukatazi, ila wakati unarisiti fanya hivi. VETA ada yake ya kutwa ni 60,000 kwa mwaka na bweni 120,000, michango na vifaa ni mbali ila bado ni hela ambayo mzee akiuza mbuzi wawili watatu inapatikana. Masomo yanaanza Januari, maombi ni miezi ya nyuma yake, usisubiri Desemba ukakuta nafasi zimejaa. Chagua umeme wa majumbani au friji na AC, sola itakuja juu yake maana msingi ni ule ule. Ukikosa nafasi usikae, nenda karakana ya mtu ukajifunze, afu baadae VETA wana utaratibu wa kupima watu waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti. Kijana wangu mmoja kapita huko. Cheti chake kilikuja kumsaidia kwenye kambi maana bima ya kambi inataka kuona karatasi.

Msomi Asiye na Meza

Dogo mimi nakwambia risiti hesabu na fizikia tu, hayo mawili. Hata VETA ukitaka kupanda diploma huko mbele utaulizwa hesabu. Sikukatishi tamaa.

Sista wa Pasua

Msomi kasema kweli. Na ukipata D ya fizikia, kemia na baiolojia uliza vigezo vya ile kozi ya vifaa tiba. Mwambie mzee wako asikasirike, mwonyeshe huu uzi.

Dogo wa Ngaramtoni

Asanteni sana. Mzee wa Operesheni na wewe unasemaje? Na hiyo kazi ya fundi kwenye kampuni yenu mtu akianza anapata shingapi, nimuambie mzee nyumbani.

Naabi Getini

Dogo kauliza kwa adabu kuliko mimi. Mzee, hapa hutoki.

Mzee wa Operesheni

Haya. Fundi msaidizi aliyetoka chuo anaanza laki nne. Fundi kamili wa gari anaeenda porini, laki saba mpaka tisa, chakula na malazi ya porini juu yetu. Anaejua mashine ya kupimia na umeme wa zile gari mpya tumefika milioni moja na mia mbili na bado kachukuliwa. Hizo ni za kwetu, kampuni zingine siwasemei.

Naabi Getini

Kabla ya makato au baada?

Mzee wa Operesheni

Kabla. NSSF inakatwa asilimia 10 yake na sisi tunaweka 10, halafu kodi.

Naabi Getini

Na masika? April na Mei magari yakilala?

Mzee wa Operesheni

Fundi analipwa miezi yote 12, masika ndo anafanya sevisi kubwa za magari yote. Dereva masika halipwi siku za safari kwa sababu safari hamna, anapewa ile ya kushikiliwa tu, hela kidogo ili asiondoke.

Naabi Getini

Ya kushikiliwa ni laki na nusu wakuu, niliipokea mwezi wa nne uliopita kwingine sio kwake. Dogo soma umeme.

Pota wa Machame

Hiyo kozi ya friji VETA Moshi ipo au mpaka Arusha? Nauliza kwa ajili ya mdogo wangu.

Fundi Baridi

Sina uhakika na mwaka huu, kozi hubadilika. Mwambie apite pale ofisi ya usajili na cheti cha kuzaliwa na cha form four, aulize pia kozi fupi za jioni, hizo hazingoji Januari.